Mwali D: mtihani ambao kila mtu anafaulu

Ukifungua tasnifu inayohusu uigaji wa mwako kwa kompyuta, nenda moja kwa moja kwenye sura ya kuthibitisha modeli. Utakuta picha ya moto wa rangi, bluu chini na nyekundu juu, halafu grafu yenye vidoti na mstari. Vidoti ni vipimo vya maabara, mstari ni wa kompyuta. Mstari unapita juu ya vidoti au karibu navyo, na chini yake kuna sentensi: "Matokeo ya modeli yanakubaliana vizuri na majaribio."

Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, na nikapewa shahada ya uzamili. Leo nataka tuikague, maana nadhani imetuzoesha vibaya.

Kama tasnifu hiyo inahusu gesi inayowaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba vidoti vile vimetoka kwenye moto mmoja mdogo wa California, uliopimwa miaka ya 1990, unaoitwa Mwali D. Kwa watu wa fani hii Mwali D ni kama pepa ya mwaka jana: kila mwanafunzi ameifanya, na majibu yake yapo hadharani. Shida inaanzia hapo.

Kwanza, kwa nini moto ni mgumu hivi?

Fungua bomba la maji kidogo tu. Maji yanashuka kama uzi wa kioo, yametulia. Fungua zaidi, yanavurugika. Gesi nayo iko hivyohivyo. Wahandisi hupima tabia hii kwa namba ya Reynolds: ikiwa ndogo mtiririko umetulia, ikiwa kubwa kuna msukosuko.

Kwenye msukosuko, mizunguko mikubwa ya gesi huzaa mizunguko midogo, nayo huzaa midogo zaidi, mpaka inakuwa midogo kiasi kwamba mnato wa gesi unaimaliza na kuigeuza kuwa joto. Mrusi Andrei Kolmogorov alieleza mwaka 1941 jinsi ya kukadiria ukubwa wa ile ya mwisho. Kutokana na hesabu yake, idadi ya vijisanduku unavyohitaji kwenye kompyuta ili usikose mzunguko wowote hukua kama namba ya Reynolds iliyopandishwa kwenye kipeo cha 9/4. Mwali D una namba ya Reynolds ya 22,400. Piga hesabu: unapata kama vijisanduku bilioni 6, na hayo ni makadirio ya haraka tu.

Bado hatujawasha moto. GRI-Mech 3.0, orodha maarufu ya kemia ya gesi asilia, ina kemikali 53 na mimenyuko 325. Kila kijisanduku kinatakiwa kibebe hesabu za kemikali zote hizo, kwa kila kipande kidogo cha wakati. Si mchezo.

Ndo maana wengi wetu tunakimbilia wastani. Badala ya kufuata kila mzunguko, tunauliza: kwa wastani, joto hapa ni kiasi gani? Hapo moto unatutega. Kasi ya mmenyuko haipandi polepole kadiri joto linavyopanda, inapanda kwa kuruka. Hebu tuchukue mfano rahisi. Tuseme kasi inafuata kanuni ya Arrhenius yenye halijoto ya uamsho ya Kelvini 15,000. Mahali fulani kwenye moto, nusu ya muda gesi ina Kelvini 600 na nusu ya muda ina Kelvini 2,000. Wastani ni 1,300. Ukipiga hesabu ya kasi kwa kutumia hiyo 1,300, unapata jibu ambalo ni dogo karibu mara 28 kuliko wastani halisi wa kasi. Ndiyo, mara 28! Joto la wastani umelipata sawasawa, kemia umeikosa kabisa.

Kazi yote ya kutengeneza modeli za mwako wenye msukosuko ni kuziba shimo hilo. Wengine hudhani kwamba mafuta na hewa vikishachanganyika vimekwisha kuungua, kwa hiyo kinachohesabika ni kasi ya kuchanganyika tu. Wengine huandaa majedwali ya miali midogo iliyotulia, kisha kompyuta inachota humo. Wengine hufuata maelfu ya chembe za kubuni, kila moja na kemia yake, ili wapate mtawanyo mzima wa halijoto badala ya wastani peke yake. Njia zote hizi zina kitu kimoja kinachofanana: mahali fulani ndani yake kuna namba ambayo mtu aliichagua.

Moto uliokubali kupimwa

Mwali D wenyewe hauna kosa lolote. Tuupe heshima yake.

Ni mmoja wa miali ya familia moja, C, D, E na F, iliyopimwa kwenye maabara ya Sandia huko Livermore, California, na Robert Barlow na Jonathan Frank, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1998. Kichomeo chenyewe kilibuniwa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Katikati kuna bomba lenye kipenyo cha milimita 7.2. Linatoa mchanganyiko wa methani robo na hewa robo tatu. Kulizunguka kuna pete ya moto mdogo wa kuwashia, kazi yake ni kuushikilia mwali mkuu usipeperuke. Kwenye Mwali D gesi hutoka kwa mita 49.6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 180 kwa saa. Mwali unaoonekana kwa macho una urefu wa karibu nusu mita.

Kwa nini waliichanganya methani na hewa kabla haijatoka? Kwa sababu moto wa methani tupu hutengeneza masizi na kemikali nyingine zinazong'aa zikipigwa na leza, na mng'ao huo unavuruga vipimo. Moto huu ulichaguliwa kwa sababu unapimika. Kwa leza waliweza kusoma, mahali palepale na wakati uleule, halijoto pamoja na viwango vya methani, oksijeni, kaboni monoksaidi, oksidi ya naitrojeni na vinginevyo. Halafu data yote wakaitoa bure, mwanafunzi wa popote aichukue.

Kabla ya hapo, kila kundi lilikuwa na moto wake na modeli yake, na kila mtu alikuwa bingwa nyumbani kwake. Mwaka 1996 watafiti walikutana Naples, Italia, wakaanzisha mfululizo wa warsha za kulinganisha modeli kwenye miali ileile. Waandaaji walisisitiza kwamba hayo si mashindano ya kutafuta mshindi, lengo ni kuona kila modeli inakosea wapi. Nadhani ni mojawapo ya mambo ya kistaarabu zaidi yaliyowahi kufanywa kwenye uhandisi.

Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliogeuza kifaa cha kutafuta makosa kikawa cheti cha kufaulu.

Namna ya kufaulu bila kuelewa

Mwali D ndio moto mpole wa familia. Ndiyo, una msukosuko, lakini kemia yake inakwenda haraka kiasi kwamba karibu kila mahali gesi ikishachanganyika inaungua. Mahali ambapo moto unazimika kwa muda mfupi ni pachache. Masizi hakuna ya kusumbua. Umbo lake ni duara tu, hakuna kuta wala kona. Kwa hiyo hata modeli isiyojua chochote kuhusu kuzimika inaweza kupata alama nzuri. Kukosa modeli inayofaulu Mwali D ndiyo ingekuwa habari.

Na zile modeli zinazokosa, tuna dawa yake. Chukua k-epsiloni, modeli ya msukosuko inayofundishwa kila mahali. Ina konstanti tano, ambazo Launder na Spalding walizichapisha mwaka 1974: 0.09, 1.44, 1.92, 1.0 na 1.3. Inajulikana tangu zamani kwamba ukiwa na namba hizo mkondo wa gesi wa duara hupanuka kupita kiasi. Ukizitumia kwenye Mwali D, gesi inachanganyika mapema mno, na kilele cha joto kinakuja karibu mno na mdomo wa bomba. Tiba maarufu ni kubadilisha 1.44 iwe 1.6 hivi. Unabadilisha tarakimu moja kwenye faili, unaendesha upya, na mstari unateleza hadi kwenye vidoti kama vile ulikuwa unavisubiri.

Nilifanya hivyo. Nakumbuka furaha yangu saa nane ya usiku.

Haki isemwe: badiliko hilo halikuokotwa barabarani. Lina sababu zinazoeleweka kwa mikondo ya duara. Lakini hata modeli zile za chembe, ambazo ni za kisasa zaidi, zina namba ya kasi ya kuchanganyika ambayo wengine huweka 1.5, wengine 2.0, wengine zaidi ya hapo. Kwenye kemia, GRI-Mech 3.0 inakadiria oksidi ya naitrojeni ya miali hii kama mara mbili ya toleo lililoitangulia, 2.11, na lile la zamani ndilo linalokaribia vipimo. Sasa fikiria: una visu vitatu vya kuchonga na umeshaonyeshwa umbo linalotakiwa. Utashindwaje?

Kuna mbinu nyingine, ya kimyakimya zaidi. Matokeo ya moto yanaweza kuchorwa kwa namna mbili: kufuata mahali (sentimita ngapi kutoka kwenye bomba) au kufuata uwiano wa mchanganyiko (kwenye gesi yenye mafuta kiasi hiki, joto ni kiasi gani). Namna ya pili ni halali kabisa na ina faida, kwa sababu inatenganisha makosa ya kemia na makosa ya mtiririko. Lakini mtu ambaye mtiririko wake umepotea anaweza kukuonyesha hiyo ya pili peke yake, ukaona mistari imekaa vizuri, kumbe moto wake wote uko mahali pasipo. Vivyo hivyo kuna anayeonyesha joto la wastani bila kaboni monoksaidi, na anayeonyesha wastani bila mitikisiko yake. Hakuna aliyedanganya. Kila grafu ni ya kweli. Msomaji tu ndiye hajui zipi zilibaki kwenye folda.

Walimu wetu wana neno la mwanafunzi anayejua majibu bila kujua somo: amekariri. Modeli nazo hukariri.

Mwali F haubembelezwi

Utajuaje kama modeli imeelewa au imekariri? Badilisha swali.

Ndugu za Mwali D wapo kwa kazi hiyo. Kichomeo ni kilekile, gesi ileile, kinachobadilika ni kasi. Mwali E una namba ya Reynolds 33,600. Mwali F una 44,800, gesi inatoka kwa mita 99.2 kwa sekunde, mara mbili kamili ya D. Kwa kasi hiyo mchanganyiko unavutwa na kuchanwa haraka kuliko kemia inavyoweza kufuata. Vipande vya moto vinazimika, vinasafiri vikiwa baridi, kisha vingine vinawaka tena mbele. Mwali F uko ukingoni: ongeza kasi kidogo tu na wote unapeperuka.

Hapa ile dhana ya "kikichanganyika kimeungua" inaumbuka. Jedwali lisilo na habari za kuzimika litakuchorea moto mzuri, wa moto kupita kiasi, usio na shimo hata moja. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa modeli iliyokariri njia hiyo inaishia kati ya D na F.

Wapo waliofaulu. Mwaka 2000 Jun Xu na Stephen Pope walichapisha hesabu za modeli ya chembe kwa miali D, E na F, zikionyesha kuzimika kukiongezeka kutoka mmoja hadi mwingine kama ilivyo kwenye vipimo. Kazi kubwa. Lakini kazi za namna hiyo ndizo pia zilizotuonyesha jinsi ukingo ulivyo mwembamba: kwenye Mwali F, badiliko dogo la halijoto ya ule moto wa kuwashia, au la ile namba ya kuchanganyika, linaamua kama mwali wa kompyuta utabaki au utazimika. Wenyewe waliliandika jambo hilo wazi. Kwangu mimi kukiri huko kuna thamani kuliko mistari yote iliyopita juu ya vidoti, kwa sababu kunamwambia mhandisi anayefuata mahali pa kuogopa.

Na ukingo huo si wa maabara peke yake. Mitambo mingi ya kisasa ya gesi imeundwa kuchoma mchanganyiko wenye hewa nyingi, ili moto usiwe wa joto sana na oksidi za naitrojeni zipungue. Ukipunguza joto unasogelea kuzimika. Mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, inachoma gesi asilia ya kutoka Songo Songo na Mnazi Bay. Atakayetaka kujua kwa kompyuta mtambo wa gesi utafanyaje mzigo ukibadilika ghafla, atahitaji modeli inayojua F. Cheti cha D hakimsaidii.

Halafu nikaingia jikoni

Sasa niwaambie mwisho wa hadithi yangu.

Tasnifu yangu haikuhusu Mwali D. Ilihusu jiko la gesi la kupikia. Mwali D ulikuwa tu sura ya kuthibitisha modeli: nikishaonyesha kwamba programu yangu inafanya kazi, niiamini jikoni. Kwa hiyo nilichukua ile 1.6 niliyoipata usiku wa manane nikaipeleka jikoni pamoja na kila kitu.

Siku ya utetezi mtahini mmoja, mzee mpole, alifungua ukurasa wa grafu ile. Akaniuliza: "Kijana, hii namba 1.6 ungeiweka kama usingekuwa umeona vidoti?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Hapana, Profesa."

"Na jikoni kwako vidoti viko wapi?"

Havikuwapo. Ile 1.6 ni tiba ya mkondo wa duara unaopanuka huru hewani. Moto wa jiko unatoka kwenye matundu madogo kwa kasi ndogo, unapandishwa na wepesi wa gesi yenye joto, halafu unagonga kitako cha sufuria kilicho baridi. Hakuna mkondo huru hata mmoja pale. Nilikuwa nimepeleka dawa ya malaria kwa mgonjwa aliyevunjika mguu, na cheti cha daktari nikakiambatanisha.

Nilipita, pamoja na masahihisho. Baadaye nilipopata kifaa cha kupimia kaboni monoksaidi nikaweka juu ya jiko halisi, sufuria ikiwa juu, kiwango kilisoma juu sana kuliko grafu yangu. Na inaeleweka: moto ukigusa kitako baridi unazimika kabla ya kumaliza kuungua, na modeli yangu haikujua maana ya kuzimika. Joto nilikuwa nimelipata vizuri tu. Kwenye jiko, joto likikosewa chai inachelewa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Namba niliyoikosea ndiyo iliyokuwa na uzito, na grafu niliyoionea fahari haikuigusa.

Basi tufanyeje?

Sisemi tuuache Mwali D. Ni mahali pazuri pa kuanzia, na data yake ni zawadi. Ninachoomba ni vitu vichache, ambavyo kila mwanafunzi mwenye kompyuta moja anaweza kuvifanya:

1. Funga konstanti zako kwenye D, kisha endesha E na F bila kugusa chochote. Chapisha zote tatu, hata F ikikuaibisha. Hasa ikikuaibisha.
2. Onyesha kaboni monoksaidi na oksidi ya naitrojeni kando ya joto, na mitikisiko kando ya wastani. Chora kwa mahali na kwa uwiano wa mchanganyiko.
3. Andika ulijaribu mara ngapi. Mstari uliopatikana kwenye jaribio la kwanza na ule uliopatikana baada ya majaribio thelathini si ndugu.
4. Kabla ya kuhamisha modeli kwenda kwenye jiko, tanuri au injini yako, taja kwa maneno kitu kilichopo huku ambacho hakikuwapo kule: ukuta baridi, masizi, kasi ndogo. Kama modeli haijawahi kupimwa kwenye kitu hicho, sema hivyo.

Na kwa wasomaji ambao hawajawahi kuandika mlinganyo hata mmoja: mkiona picha ya moto wa kompyuta, nzuri, yenye rangi, msiulize kama inafanana na moto. Hata mchoraji anaweza kuchora moto. Ulizeni swali la yule mzee: mngechora hivi kama msingekuwa mmeona majibu?

Mimi sasa nimeanza upya na Mwali F. Mpaka leo asubuhi, kila nikiuendesha, kwenye kompyuta yangu unazimika. Grafu nitaiweka hapa hivyohivyo.